Mashine Tano Zilizosema "Niko Kwangu"

Karatasi ilikuwa imeshachapwa kabla Bi Waya hajafika kazini. Meneja aliisogeza juu ya meza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani yenye nzi, akasema, "Saini hapo chini, Bi Waya, tuendelee na siku."

Bi Waya akavaa miwani. Aliisoma karatasi yote akiwa wima, mkoba begani, midomo ikitembea. Hajawahi kuona haya kusoma kwa midomo. Cha kuonea haya ni kusaini usichokisoma. Karatasi ilisema kwamba mashine tano za kupimia mzigo zimechoka, hazipokei kazi tena, kwa hiyo ziondolewe, na kazi ya kupima ihamie kwenye kampuni ya Mtaalamu pamoja na funguo za chumba cha mashine. Chini kulikuwa na mstari mtupu, na chini ya mstari maneno mawili: Mtunza Mashine.

"Zimechoka kasema nani?"

"Mtaalamu kasema, tangu Jumanne."

Mtaalamu alikuwa ameketi pembeni, mwanamume nadhifu aliyekodishwa kwa mwezi mmoja, mwenye kalamu tatu mfukoni ambazo hakuna aliyewahi kumwona akiziandikia. "Mama, mashine zile zina miaka saba," akasema kwa upole, kama anayempa pole mfiwa. "Kwa mashine, miaka saba ni uzee."

"Na mimi niliye na hamsini kasoro mmoja, mngenizika mwaka gani?"

Meneja akakohoa. Hakuwa mtu mbaya, Meneja, ila alikuwa na wakubwa juu yake, na mtu mwenye wakubwa hutembea kama mwenye jiwe kwenye kiatu. "Leo Alhamisi," akasema. "Mfumo unafunguliwa Jumatatu na kipimo hakijafanyika. Ukisaini, Mtaalamu analeta mashine zake kesho asubuhi. Usiposaini, niambie utafanya nini."

"Sisaini. Nipe mpaka saa kumi."

"Na saa kumi ikifika hazijafanya kazi?"

"Utaandika karatasi nyingine, ya kunitoa mimi. Hiyo nitaisaini bila miwani."

Akatoka. Mlango hakuubamiza. Mlango ukiubamiza, watu hukumbuka mlango wakasahau ulichosema.

Jina la Bi Waya si la kuzaliwa. Alipewa na watu wa ofisi za juu. Miaka kumi na nne iliyopita aliingia jengo lile na ndoo na tambara. Shule yake iliishia la saba, kwa zile sababu ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayeziuliza. Aliajiriwa kufagia, akaambiwa sharti moja: chumba cha mashine afagie, lakini waya asiguse. Basi akafagia kwa masikio. Siku moja akamwambia fundi mzee aliyekuwa akizitunza, "Ile ya tatu leo haipumui vizuri." Fundi akacheka, akaifungua, akakuta feni imekufa. Kuanzia hapo hakucheka tena. Alimwonyesha kebo hii inakwenda wapi, amri ile inaandikwaje, na Bi Waya akanunua daftari la mistari, akawa anaandika amri upande wa kushoto na maana yake upande wa kulia, kwa maneno yake mwenyewe. Penye amri ya kuzima aliandika: *usiikimbilie, na ukiombwa uzime, uliza mara mbili.* Miaka sita ikapita hivyo. Fundi alipostaafu aliweka funguo juu ya meza ya meneja wa wakati ule, akasema hawatapata mwingine, wasisumbuke kutafuta.

Hapo ndipo watu wa juu wakaanza: Bi Waya huyo, Bi Waya kapita, Bi Waya kapanda cheo na ndoo yake. Walidhani watamchoma. Akachukua kalamu nene, akaliandika jina hilo mlangoni mwake kwa herufi kubwa kama kiganja. Mtu akikupa jina la kukukera, livae. Litamkera yeye kila akikuita.

Kazi yenyewe haina uchawi. Ukitaka kujua daraja linabeba nini, hulipitishii paka. Kampuni ilikuwa imetengeneza mfumo wa kupanga miadi ya kliniki kwa simu, ili wajawazito na wagonjwa wa sukari wasikeshe foleni kwa ajili ya kuandikwa jina tu. Kabla ya kuufungulia watu, lazima uone utasimamaje watu elfu mbili wakibonyeza kwa pamoja. Huwezi kukusanya elfu mbili na simu zao uwanjani. Kwa hiyo Bi Waya alikuwa na seva sita, kompyuta za kazi nzito zinazoendeshwa na programu iitwayo Linux. Moja ilikuwa mkubwa wa kazi, naye aliiita Nyapara. Tano zilikuwa vibarua. Nyapara anagawa kazi, na kila kibarua anajifanya watu mia nne wanaotaka miadi sasa hivi. Mia nne mara tano, hesabu hiyo haihitaji chuo.

Wiki iliyopita alikuwa amezisafisha zote tano na kuziwekea Linux mpya. Tangu Jumanne, Nyapara akiwaita vibarua, hakuna anayepokea kazi. Skrini inaandika neno lile lile: muunganisho umekataliwa.

Alifungua chumba, akavaa sweta lake la humo ndani, maana baridi ya chumba cha mashine haina adabu, akaanza upya. Kwanza akapiga hodi. Ndivyo alivyoiandika amri ya ping kwenye daftari lake: *hodi.* Kibarua wa kwanza akaitika, wa pili akaitika, mpaka wa tano. Mtu anayeitikia hodi hajafa, na hana hata mafua. Akabadilisha kebo mbili zilizokuwa na mashaka. Akalegeza mlinzi wa mtandao, yule anayefunga milango ya mashine na kuchagua nani apite, akaacha wazi milango yote kati ya Nyapara na vibarua. Akaita tena. Umekataliwa. Akazima, akawasha, akaita. Umekataliwa.

Saa sita Mtaalamu akachungulia mlangoni. "Bado unazibembeleza, mama?"

"Nazisikiliza. Wewe ulizisikiliza dakika ngapi kabla ya kuandika zimechoka?"

"Mambo haya ni uzoefu, mama."

"Nimekuuliza dakika, umenipa uzoefu. Ukienda sokoni kuuliza bei ya nyanya ukajibiwa 'mimi muuzaji wa siku nyingi', utanunua?"

"Zinaitikia lakini hazifanyi kazi," akasema Mtaalamu, akihesabu kwa vidole viwili. "Hiyo ndiyo dalili ya kuchoka."

"Hiyo ni dalili ya watu wengi humu ndani, na mishahara wanapokea. Funga mlango, baridi inatoka."

Akafunga. Lakini alipobaki peke yake, Bi Waya hakuwa na cheko. Saa kumi haikuwa mbali, na akiwaza karatasi ile, hakuona mashine zikitolewa. Alijiona yeye akirudishiwa tambara, na wale wa juu wakisema tulijua. Kwenye skrini kulikuwa na kitu kimoja kilichomsumbua tangu Jumanne: pale palipoandikwa umekataliwa, anwani iliyotajwa haikuwa ya kibarua yeyote. Ilikuwa 127.0.1.1. Yeye hakuiandika. Nani aliiandika?

Akatoka kwenda mapokezi kunywa maji.

Mapokezi ilikuwa enzi ya wifi yake, dada wa mume wake. Watu walikuwa na msemo kwamba jengo lile lina wifi mbili: ya mtandao, ambayo hukatika mvua ikinyesha, na ya mapokezi, ambayo haikatiki hata ukiizima. Bi Waya na wifi yake walikuwa wakichomana tangu siku ya harusi, kwa raha zao, kama watu wanaokunana mgongo.

Dumu la maji lilikuwa tupu. Wifi alikuwa kwenye simu na msambazaji wa maji, kaweka spika, maana bila spika mazungumzo aliyaona hayana chumvi.

"Mko wapi?" ikauliza simu.

"Tuko ofisini."

"Ofisi gani?"

"Ofisini kwetu."

"Dada yangu, ofisini kwetu ndipo nilipo. Hapa nilipo nimesimama mlangoni, na maji ninayo."

"Basi si umeshafika?"

"Nimefika kwetu, dada. Mimi nataka kufika kwenu."

Bi Waya akaganda, kikombe mkononi.

"Nini tena?" Wifi akamuuliza. "Umeona kivuli cha mama mkwe?"

"Umemwambia uko wapi?"

"Kwetu."

"Naye kaenda wapi?"

"Kwao, si unamsikia. Watu wengine hawana akili, wifi yangu, wazazi wao wana mzigo."

"Wewe ndiye huna akili," Bi Waya akasema, "na Mungu akuzidishie." Akaweka kikombe chini, akaondoka nusu mbio. Wifi akabaki akiuliza dumu la maji kama ametukanwa au ameombewa.

Chumbani aliketi kwa kibarua wa kwanza, akafungua daftari kurasa za mwanzo, akakuta amri ya kuiuliza mashine: jina lako hilo linapatikana kwa anwani gani? Akaandika `hostname -i`. Kibarua akajibu: 127.0.1.1. Akahamia kwa wa pili. 127.0.1.1. Wa tatu, wa nne, wa tano, wote jibu moja, kama watoto waliofundishwa la kusema kabla mgeni hajaingia.

Kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa zamani uliokuwa ukilalia kushoto, fundi mzee alikuwa amemwandikisha hivi: *anwani yoyote inayoanza na 127 ni neno "kwangu". Kila mashine inalo, na kila mashine ikilisema inamaanisha yenyewe.*

Basi picha ikatulia. Nyapara alipokwenda kwa vibarua mara ya kwanza alifika vizuri, kwa sababu anwani zao halisi Bi Waya mwenyewe ndiye aliyemwandikia. Alipiga hodi, akaitikiwa. Kibarua akasema yuko tayari kwa kazi, akamkabidhi Nyapara kikaratasi: *kuanzia sasa ukinihitaji, nitafute kwangu.* Nyapara, asiye na kichwa cha kuuliza kwako wapi, alichukua "kwangu" kama ilivyo, akarudi nyumbani kwake, akagonga mlango wake mwenyewe. Ndani hakuna kibarua. Akaandika: umekataliwa. Siku tatu nzima anajigongea mwenyewe, na vibarua watano wamekaa wanasubiri, wazima wa afya, na wanaandikiwa vyeti vya uzee.

Lakini lile neno limeingiaje? Akafungua faili la majina, lile linaloitwa hosts, ambalo kila mashine hulisoma ili ijue nani ni nani. Mstari wa pili ulikuwa na 127.0.1.1 na mbele yake jina la mashine yenyewe. Linux mpya ndivyo ilivyojiandikia ilipowekwa. Zamani fundi mzee alikuwa akiufuta mstari huo kwanza, kabla ya jambo lolote, na kwenye daftari umepigiwa mstari mara mbili. Wiki iliyopita Bi Waya alikuwa na haraka, akabonyeza *endelea*, akabonyeza *endelea*, mashine ya kwanza mpaka ya tano. Yeye, mwanamke asiyesaini asichokisoma.

Alikaa kidogo na hilo. Hakuna aliyemwona. Angeweza kurekebisha, akasema ilikuwa kebo, na nani angebisha? Mtaalamu asingejua kutofautisha kebo na kamba ya kuanikia nguo.

Akaifuta ile 127 kwenye mashine ya kwanza, akaandika anwani yake halisi, ya pili vivyo hivyo, mpaka ya tano. Akaziuliza upya. Nne zikajibu kwa anwani za kweli, mashine ya nne peke yake ikang'ang'ania "kwangu". "We nawe," akaiambia, "kila ukoo una mmoja." Kumbe aliandika akasahau kuhifadhi. Akahifadhi, akazima programu za vibarua wote na kuziwasha, ili kila mmoja aandike kikaratasi kipya. Saa tisa kasorobo Nyapara akaita. Wa kwanza akapokea kazi. Wa pili akapokea. Watano wote.

Akaenda mwenyewe kuwaita Meneja na Mtaalamu. Alitaka waone kwa macho, wasije wakasimuliwa.

Walisimama nyuma ya kiti chake, Mtaalamu amejikunyata kwa baridi. Bi Waya akaanza na watu mia moja. Mfumo wa miadi ukajibu upesi. Mia tatu, ukajibu. Mia tano, ukajibu ila umeanza kuvuta pumzi. Mia saba, mtu anabonyeza na kusubiri sekunde ishirini. Walipofika mia nane na arobaini, mfumo ukaanguka chini, kimya, kila ombi likirudi tupu.

"Nilisema mashine zimechoka," Mtaalamu akasema haraka.

"Angalia unapoonyesha kidole. Waliobebesha hawa hapa, vibarua wangu, hata theluthi ya nguvu hawajatumia. Aliyeanguka ni aliyebebeshwa. Mfumo wenu."

Meneja akavuta kiti, akakaa karibu, sauti ikashuka. "Bi Waya, mia tano ulipita vizuri."

"Ulipita."

"Hatuwezi kuandika umepimwa kwa watu mia tano, umepita? Si uongo huo. Jumatatu tunafungua, tunarekebisha tukiwa njiani. Na karatasi ile ya asubuhi naichana sasa hivi. Mashine zinabaki, na wewe unabaki."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na Meneja mwenyewe alijua, maana hakumtazama usoni. Alichokitafuta Bi Waya tangu asubuhi kimewekwa mkononi mwake, anatakiwa tu kufunga vidole.

"Jumatatu watapiga elfu mbili," Bi Waya akasema. "Yule wa mia nane na arobaini na moja ana mimba ya miezi minane. Kaambiwa asije foleni, apige simu. Anapiga, hajibiwi. Nimwonyeshe karatasi inayosema umepita?"

"Sijasema hivyo."

"Asubuhi ulitaka nisaini kwamba kizima ni kibovu. Sasa unataka nisaini kwamba kibovu ni kizima. Mzee, kalamu yangu ni moja, na haijui kwenda pande mbili kwa siku moja."

Meneja akasogeza kiti nyuma. Kisha akasema, kwa ukali wa mtu aliyeshikwa, "Na siku tatu zilizopotea? Hilo nalo niliandikeje? Kama mashine ni nzima, kwa nini hazikufanya kazi tangu Jumanne?"

"Kwa sababu yangu mimi."

Mtaalamu akainua kichwa.

"Nilipoziwekea Linux mpya niliacha mstari mmoja kwenye faili la majina ambao nilipaswa kuufuta. Nilibonyeza endelea bila kusoma, mara tano. Kila mashine ikawa ikiulizwa iko wapi inasema 'niko kwangu'. Uzembe ni wangu, si wa mashine. Liandike hilo, na uandike mfumo umeanguka kwa watu mia nane na arobaini. Hiyo ndiyo karatasi nitakayosaini leo."

"Kwa hiyo, mama," Mtaalamu akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, "kosa lilikuwa lako."

"Langu. Nimelijua leo mchana, na nimeshalisema. Lako lina siku tatu, na bado hujalisema."

"Langu lipi?"

"Uliandika cheti cha kifo bila kushika mapigo."

Mtaalamu akatazama saa yake, akasema ana simu ya kupiga. Walimsikia akipita mapokezi, na Wifi akimuuliza kama anapiga akiwa kwake au kwao.

Meneja aliandika karatasi pale pale, kwenye kompyuta ya Bi Waya, vidole vikigonga kama anatwanga. Alijaribu kuweka "changamoto ndogo." Bi Waya akamwambia aweke "umeanguka." Alijaribu kuacha idadi. Akamwambia aiweke kwa tarakimu na kwa maneno, kama kwenye hundi. Akasoma kwa midomo, akasaini. Kisha Meneja akapanda juu kuwaambia wakubwa wake kwamba Jumatatu haiwezekani, na alipokuwa akipanda ngazi zile, Bi Waya alimwonea huruma kidogo. Kidogo tu, kiasi cha chumvi ya yai moja.

Ijumaa asubuhi jibu lilikuja. Ufunguzi umesogezwa wiki mbili mbele, waandishi wa programu wakarekebishe. Mashine tano zinabaki mahali pake. Mkataba wa Mtaalamu hautaongezwa. Na Mtunza Mashine apewe onyo la maandishi kwa uzembe uliopoteza siku tatu za kazi.

Bahasha ililetwa na Wifi, kwa mikono miwili, kama anayeleta rambirambi. "Kaka yangu atasema nini akisikia?"

"Kaka yako atauliza chakula kiko wapi. Lete."

Akavaa miwani, akasoma. Tarehe ilikuwa sawa. Kosa limeelezwa sawa, hata mstari wa faili umetajwa. Akarudi juu kabisa, penye jina lake la kuzaliwa, akaweka kidole, akakitoa, akakirudisha. Herufi moja ilikuwa imekosewa. Jina la mwanamke mwingine kabisa.

"Wifi, usiniambie unakwenda kugombana," Wifi akasema.

"Nakwenda kurudisha barua ya watu."

Meneja alipomwona mlangoni na bahasha alifumba macho. "Bi Waya, jana ulikubali mwenyewe."

"Na leo nakubali. Hii si ya kwangu."

"Kosa si lako?"

"Kosa ni langu na onyo ni langu. Jina ndilo si langu. Ukiiweka hivi kwenye faili, kuna mwanamke mahali fulani ataonekana mzembe kwa kazi asiyoijua, na mimi nitaonekana sijawahi kukosea, na zote mbili ni uongo. Andika upya."

"Kwa herufi moja?"

"Jana ilikuwa mstari mmoja."

Meneja akavuta kibodi. Bi Waya akasimama pembeni yake, akamtajia herufi moja baada ya nyingine, polepole, kama anayemwandikisha mtoto shule. Printa ikaitoa karatasi ikiwa na joto. Akaisoma tena kuanzia juu, midomo ikitembea, akafika penye jina, akaridhika nalo, akaendelea mpaka kwenye uzembe, na hapo pia hakupinga neno. Akasaini, akadai nakala yake.